Wanakubana uipigie debe tokeni yao? Mwongozo kamili kwa developa wa Kigoma (na wa Tabora pia)

Kama umetengeneza programu ikapata watu, hata watu mia mbili tu wa Kibirizi na Ujiji wanaoangalia bei ya dagaa kila asubuhi, jiandae. Kuna siku utapigiwa simu na mtu anayeongea kwa mpangilio kama mshenga, atakwambia programu yako ni dhahabu, ina watu, ina jina, imepungukiwa kitu kimoja tu, tokeni, yaani sarafu yake ya kripto ya kuuzwa mtandaoni. Ukikataa haondoki, anazunguka nyuma anarudi na watumiaji wako, baadaye anarudi na binamu yako, na siku nyingine anamtanguliza mzee ambaye wewe huwezi hata kumjibu ukiwa umekaa.

Mwongozo huu ni wa hapo. Siandiki kusema kripto yote ni wizi, kuna jamaa nawajua wanalipwa na wateja wa nje kwa USDT, ile kripto inayofuata bei ya dola, na maisha yanaenda. Naongelea kitu kimoja, pale watu wanapotaka jina lako, grupu lako na programu yako viwe tangazo la tokeni ambayo hukuiomba. Naandikia Kigoma maana ndiko nilipo, wa Tabora wekeni asali na tumbaku kwenye nafasi ya dagaa na mawese, mengine yote yanafanana.

Hatua ya 1: Elewa kwanza wanataka nini kwako

Hawautaki msimbo wako. Wanaoandika programu vizuri kuliko mimi na wewe wapo kibao, na tokeni yenyewe siku hizi haihitaji developa kabisa. Tangu tovuti ya pump.fun ianze Januari 2024 mtu yeyote mwenye simu anazaa tokeni kwenye mtandao wa kripto wa Solana kwa dakika chache, anaandika jina, anaweka picha, anabonyeza, zinatoka tokeni bilioni moja. Kigumu ni kupata wanunuzi, na wanunuzi unao wewe, wale akina mama wanaokuamini kwa sababu bei uliyowaandikia Jumatatu waliikuta kweli sokoni.

Sasa fanya hesabu hii mwenyewe kwenye simu, usiiruke, maana ukiielewa utakuwa na jibu kwa maswali nusu utakayoulizwa huko mbele. Nyingi ya tokeni hizi bei yake inatoka kwenye bwawa, upande mmoja kuna hela, upande wa pili kuna tokeni, na sheria ya bwawa ni kwamba ukizidisha idadi ya tokeni kwa kiasi cha hela jibu libaki lile lile kila mtu anaponunua au kuuza. Tuseme bwawa lina tokeni milioni 10 na shilingi milioni 10, bei ni shilingi 1. Tokeni zote zilizotengenezwa ni bilioni 1, kwa hiyo mtu anachukua bilioni 1 anazidisha kwa shilingi 1 anakuja kwenye grupu kutangaza "mradi wetu una thamani ya BILIONI MOJA" na moto mbele. Hela iliyopo kweli ni milioni 10 tu.

Mwenye tokeni milioni 10 akiuza zote, bwawa linakuwa na tokeni milioni 20 na hela milioni 5, yeye kaondoka na milioni 5 na bei imeshuka kuwa senti 25. Mwenye tokeni milioni 100, yaani asilimia 10 tu ya zote, akiamua kuuza yeye kwanza anaondoka na kama milioni 9 na elfu 90, bwawani inabaki laki tisa na kidogo, na bei haifiki hata senti moja. Tokeni milioni 890 zilizobaki mikononi mwa watu wengine zote zinagombea hiyo laki tisa.

Umeona kazi yako iko wapi humo? Kuongeza hela bwawani ili hao wa kwanza wakiuza watoke na kitu cha maana. Ndiyo maana wanakuja na haraka, ndiyo maana wanataka uposti leo siyo wiki ijayo, na ndiyo maana wako tayari kukupa hata asilimia 5 ya tokeni bure.

Hatua ya 2: Mjue anayekubana, maana hawajibiwi sawa

Wa kwanza ni mgeni, yule wa Telegram mwenye picha ya katuni. Huyu ni mwepesi, unambloku, umemaliza.

Wa pili ni mtumiaji wako wa kweli. Huyu mara nyingi ameshanunua, na tangu anunue haulizi tena programu inafanyaje kazi, anauliza "kiongozi unaposti lini?" Usimwone adui. Hela yake iko ndani na anatafuta namna ya kuitoa, na namna pekee anayoiona ni wewe uongee. Lugha yake utaijua tu: unatubania riziki, una roho ya korosho, wenzako wa Kenya wameshatoboa, tutoke wote kimaisha bosi, ushapata sasa unaringa. Inauma, hasa ikitoka kwa mtu aliyekuwa wa kwanza kukusapoti.

Wa tatu ni ndugu, au mkubwa wa mtaani, au kiongozi wa kikundi cha akiba. Anakuja na heshima yake siyo na hoja, na hapo ndipo wengi wanakwama. Nimemwekea sehemu yake kwenye hatua ya 6.

Wa nne watu hawamtaji, ni developa mwenzako. Mwaka 2024 kulikuwa na mradi unaitwa tea, uliahidi kuwapa tokeni watengenezaji wa programu huria kulingana na jinsi programu zao zinavyotumika. Wazo kwenye karatasi zuri tu. Kilichotokea ni kwamba watu wasiohusika walianza kuingia kwenye miradi ya wengine GitHub, kule developa wanakohifadhi msimbo, wanaomba faili la tea.yaml liongezwe, faili ambalo lilikuwa linaonyesha nani apokee mgao, huku npm, hifadhi ya vifurushi vya msimbo, ikijazwa vifurushi vitupu visivyofanya kazi yoyote zaidi ya kuwinda tokeni. Wenye miradi wakabaki wanafuta maombi badala ya kuandika programu. Kwa hiyo mtu asiyejulikana akikuletea mchango wenye faili dogo la ajabu pembeni ya marekebisho ya kawaida, lisome mstari kwa mstari kabla hujakubali.

Halafu kuna hoja yao moja ambayo kwa hapa kwetu ina ukweli ndani, na usipojiandaa itakushinda. Kigoma hela ni kero ya kweli. Mtu anapeleka mzigo Kalemie au Uvira, au anavuka kwenda Bujumbura, anakutana na faranga za Kongo, faranga za Burundi, dola na shilingi, kila anapobadilisha anakatwa. Mpigadebe anajua hilo, anakwambia "tunaleta tokeni moja ya ziwa zima, mfanyabiashara halizwi tena na wabadilisha fedha". Tamu hiyo! Muulize kitu kimoja tu: upande wa Kalemie nani ataipokea akanipa mzigo? Siyo nani atainunua, nani ataipokea kama malipo ya unga au mafuta. Kama jibu ni "wataanza kuipokea ikishapanda bei" basi siyo malipo hayo, maana hakuna mwenye duka atakayeuza kwa kitu ambacho boti ikitoka asubuhi na kufika jioni kimeshashuka nusu.

Ah, na jambo dogo, angalia siku. Zile siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, watu wako nyumbani na simu, na mambo ya fursa kwenye magrupu yanapamba moto kweli kweli. Mjadala mzito wa tokeni usiufungue siku hizo, utajibu meseji mpaka chaji iishe.

Hatua ya 3: Weka msimamo kwa maandishi kabla hawajaja

Ukikataa baada ya tokeni kuanza kuuzwa utaonekana umeiangusha bei. Ukiwa umekataa miezi sita kabla, unaonyesha tarehe tu. Andika kitu cha namna hii:

"Programu hii haina tokeni na haitakuwa nayo. Anayeuza tokeni kwa jina hili au kwa jina langu hatumjui na hatuwakilishi. Hatutakutumia linki ya kununua sarafu yoyote, na hatutakuomba maneno ya siri ya waleti (pochi ya kripto) yako."

Iweke kwenye README (faili la maelezo) ya mradi, kwenye maelezo ya grupu, kwenye ukurasa wa "kuhusu sisi", na kama unatumia WhatsApp Business iweke pia kwenye majibu ya haraka. Usiandike "kwa sasa hatuna tokeni". Nakuomba sana. Hiyo "kwa sasa" itakatwa skrinishoti ipelekwe kwingine kama ushahidi kwamba ipo njiani.

Hapo hapo shika majina yako yote. X, Instagram, TikTok, Telegram, GitHub, hata kama huyatumii, sajili jina la programu yako kote, weka uthibitisho wa hatua mbili, na nenosiri usimpe "dogo wa mitandao" mkaachana vibaya. Kama unabadilisha jina la mradi, usiliachie la zamani. Mwaustria Peter Steinberger alikuwa na programu yake ya Clawdbot iliyovuma sana, Januari 2026 akalazimika kubadilisha jina, na ule muda mfupi wa kuhama kutoka jina la zamani kwenda jipya watu wa kripto wakazidaka akaunti za zamani kwa sekunde. Tokeni ya jina lile ikapanda mpaka dola milioni kama 16 za kwenye karatasi, yeye akasema wazi hahusiki na hatatoa sarafu kamwe, ikaporomoka. Huyo ni mtu mzoefu, alishajenga kampuni na kuuza hisa zake, na bado walimwahi.

Piga simu pia kwa maadmini wa grupu lako, mmoja mmoja. Ungeshangaa ni wangapi wanaahidiwa tokeni za bure pembeni ili wapini tangazo usiku ukiwa umelala. Funga mipangilio, wanaoruhusiwa kubadilisha maelezo ya grupu wawe wewe na mtu mmoja unayemwamini.

Hatua ya 4: Ikague tokeni yenyewe, japo hutaki kuitangaza

Unakagua ili ukiongea na watu uwe na cha kuwaonyesha, maana "mimi nahisi ni utapeli" haimshawishi mtu aliyeona jirani yake ananunua pikipiki.

Omba anwani ya mkataba wa tokeni, yaani ya ile programu inayoiendesha, siyo linki ya tovuti. Ibandike kwenye tovuti ya Solscan kama ni ya mtandao wa Solana, au Etherscan kama ni ya mtandao wa Ethereum. Fungua orodha ya wenye tokeni. Utaona waleti ya kwanza pengine ni bwawa lenyewe, hilo liache, shuka chini jumlisha kumi zinazofuata. Ukikuta kumi hao wana nusu ya tokeni zote, rudi kwenye hesabu ya hatua ya 1. Angalia na tarehe zao za kununua, mara nyingi waleti kadhaa zilinunua dakika ile ile tokeni ilipozaliwa, na zote zililetewa hela na waleti moja. Yaani ni mtu mmoja kavaa kofia nyingi.

Kisha angalia kama mwenye tokeni bado ana ruhusa ya kuchapa mpya, na kama ana ruhusa ya kugandisha za wengine. Angalia na hela ya bwawa imefungwa au mtu anaweza kuichota muda wowote akapotea.

Kipimo cha mwisho ni kuuza. Siyo kununua, kuuza. Novemba 2021 kulikuwa na tokeni iliyochukua jina la tamthilia ya Squid Game, ilipanda mpaka zaidi ya dola 2,800 kwa moja, watu wanaitazama tu kwenye simu maana mkataba wake ulikuwa hauwaruhusu kuuza, halafu ndani ya dakika chache ikawa sifuri. Grafu inayopanda tu bila kushuka hata kidogo mara nyingi siyo mafanikio, ni mlango wa kutokea umefungwa.

Hatua ya 5: Usipokee kitu, hata kilichokuja chenyewe

Siku hizi wamebuni njia ya adabu. Hawakuombi utangaze, wanatengeneza tokeni yenye jina la programu yako halafu kuna majukwaa yanayowaruhusu kuelekeza sehemu ya ada za miamala kwenye akaunti yako ya X au GitHub bila kukuuliza. Unaamka unakuta ujumbe: "Hongera, una dola 900 zinakusubiri, ingia uchukue." Na kwenye grupu lao wameshaandika developa yupo nasi, analipwa na sisi.

Ukibonyeza kuchukua umeshasaini. Hakuna atakayekuelewa baadaye ukisema ulichukua tu hela ila tokeni hukuiunga mkono, na wao hawahitaji neno lako tena, muamala uko wazi kila mtu anauona. Najua dola 900 kwa Kigoma siyo hela ya kuiangalia hivi hivi, ni kodi ya fremu mwaka mzima na chenji inabaki. Ndiyo maana wanaitumia. Iache pale pale, na uandike hadharani kwamba umeiona na huichukui.

Wakikutumia tokeni zenyewe moja kwa moja kwenye waleti huwezi kuzizuia zisiingie, hilo halina kosa. Waanzilishi wa Shiba Inu walimtumia Vitalik Buterin, mmoja wa waanzilishi wa Ethereum, nusu ya tokeni zao zote bila yeye kuomba, wakawa wanatangaza kwamba anazo. Mei 2021 alitoa sehemu kwenye mfuko wa Covid wa India, thamani yake siku ile ilihesabiwa kama dola bilioni moja, na asilimia 90 ya zilizobaki akazichoma, yaani akaziharibu zisitumike tena, kisha akawaomba watu wasimtumie vitu vya namna hiyo. Wewe huna haja ya kufanya makubwa hayo, usiziguse tu, usiziuze, na usibonyeze tovuti yoyote iliyoandikwa kwenye jina la tokeni uliyotumiwa, nyingine ni mtego wa kukomba waleti.

Hatua ya 6: Namna ya kujibu

Kwenye grupu jibu mara moja, kwa ufupi, bila hasira, halafu usiingie kwenye ligi. Mfano: "Nimeona mnaulizia ile tokeni. Siyo yangu, sikuiomba, sitaiposti. Anayetaka kujua kwa nini anipigie, hapa tuendelee na bei." Anayerudia mara ya pili unafuta posti, mara ya tatu unamtoa. Tangaza utaratibu huo mapema ili usionekane umemlenga mtu.

Kwa aliyekwisha kununua, mpigie simu, usimwandikie. Muulize ameweka shilingi ngapi. Usimwambie auze wala asiuze, maana vyovyote itakavyokuwa atakudai wewe. Mwonyeshe ile orodha ya wenye tokeni aone kwa macho yake, uamuzi abaki nao.

Sasa mzee. Tuseme ni baba yako mdogo, kakuita nyumbani Ujiji, na kijana wa tokeni kakaa pembeni kashapewa kahawa. Usianze na mambo ya blokcheni. Salimia vizuri, kaa, sikiliza mpaka mwisho, halafu:

"Baba, nimekusikia na nakuheshimu. Hili la kuweka jina langu siliwezi, kwa sababu likienda vibaya watakuja kuuliza hapa hapa kwako. Ila naomba nimuulize ndugu yangu maswali matatu mbele yako, wewe ndiye utaamua kama yanajibika."

Kisha unamgeukia yule kijana, taratibu. Wewe binafsi ulinunua lini na kwa bei gani? Nani ana tokeni nyingi kuliko wote, na tumwone kwenye simu hapa? Na la tatu, hizo zako uza za elfu hamsini sasa hivi tuone hela ikiingia kwenye simu yako. Utashangaa jinsi mtandao unavyokuwa chini ghafla. Mzee hahitaji kuelewa teknolojia, anamwangalia mtu usoni, na wengi wa umri wao wanaikumbuka DECI, walivyoambiwa wapande mbegu wavune mara mbili mpaka serikali ilipoifunga 2009. Wewe usiitaje DECI, muache aitaje yeye. Ikitoka kwake inakuwa na uzito mwingine kabisa.

Na kama kijana akauza kweli na hela ikaingia? Inawezekana, mwanzoni huwa zinauzika. Basi sema vizuri, hela imeingia, ila iliyotoka bwawani ni ya mtu mwingine aliyenunua baada yako, na wa mwisho nani? Halafu rudia pale pale, jina langu siweki. Huna haja ya kushinda mabishano, unachohitaji ni kutoka pale ukiwa hujaahidi chochote. "Nitafikiria baba" ni ahadi, usiitoe.

Hatua ya 7: Wameshaitoa kwa jina lako bila ruhusa

Hapa mpangilio ni muhimu, fanya hivi siku hiyo hiyo.

Piga skrinishoti za kila kitu kwanza, akaunti, posti, anwani ya mkataba, namba za simu, tarehe na saa zionekane. Wakishtuka watafuta.

Toa tangazo moja lenye maneno yale yale sehemu zako zote. Sema haikuhusu, weka ile linki ya msimamo wa hatua ya 3 yenye tarehe, basi. Usiweke anwani ya tokeni yao wala linki yao, maana utakuwa umeitangaza. Usiongelee bei. Usiseme "msiinunue itaanguka" wala "tunazungumza nao", hii ya pili hata kwa nia njema inapandisha bei kwa saa moja na kuna watu watanunua kwa sababu yako.

Ripoti akaunti feki kwenye mtandao husika kwa kipengele cha kujifanya mtu mwingine, omba na watumiaji wako watano kumi waripoti. Meseji za kawaida za kitapeli zipeleke kwenda 15040 pamoja na namba iliyozituma. Piga *106# uone kama kuna laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA bila wewe kujua, maana mtu anayetumia jina lako kwenye tokeni anaweza akawa analitumia na kwenye laini. Ukikuta vitisho au hela za watu zimeshachukuliwa kwa jina lako, nenda polisi ukafungue taarifa, hata kama utaambiwa usubiri, ile karatasi yenye tarehe itakulinda.

Usinunue hizo tokeni "ili uzidhibiti". Usikubali kikao cha kugawana. Na jiandae kutukanwa siku mbili tatu, kuna watu watakwambia umewaibia kwa kukaa kimya na wengine umewaibia kwa kuongea. Zima notifikesheni ulale.

Hatua ya 8: Sheria, kwa kifupi

Benki Kuu ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi siyo fedha halali hapa nchini. Juni 2021 Rais Samia aliitaka ijiandae na mabadiliko hayo. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye kuhamisha mali za kidijitali, na hapo ndipo wapigadebe walipopata wimbo mpya: "serikali imeruhusu, si inakata kodi?" Kukatwa kodi siyo kibali cha kukusanya hela za watu. Ukiwaambia wananchi waweke hela wapate faida, unaingia kwenye mambo ya uwekezaji ambayo yana mamlaka yake, CMSA (ya masoko ya mitaji), na ukitumia jina la mtu mwingine mtandaoni kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Na usijidanganye kwamba posti moja siyo kitu. Februari 2025 Rais wa Argentina, Javier Milei, aliposti kuhusu tokeni ya LIBRA, ikaruka, ikaanguka ndani ya saa chache, akafuta posti na kusema hakuwa anajua undani wa mradi. Kesi na uchunguzi vikamfuata japo alikuwa Rais. Kim Kardashian alilipwa dola 250,000 kwa posti ya tokeni ya EthereumMax bila kusema amelipwa, mwaka 2022 akakubali kuilipa SEC, mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, dola milioni 1.26.

Hatua ya 9: Shughulikia njaa yako

Wengi hawakubali kwa tamaa, wanakubali kwa sababu seva inadaiwa na mtoto kafukuzwa ada. Developa asiye na kipato chochote kutoka kwenye programu yake ni mwepesi kununulika, na wao wanajua, watakuuliza kwa upole kabisa "hii programu inakuingizia shilingi ngapi?"

Kwa hiyo tafuta jibu la hilo swali. Omba mchango mdogo kwa lipa namba, uwe wazi seva inagharimu kiasi gani kwa mwezi. Weka tangazo la mwenye boti, mwenye barafu, mwenye duka la nyavu, hao wanalipa na wako hapo hapo mwaloni. Kaongee na AMCOS au kikundi cha wakamua mawese wanaotaka daftari lao liwe kwenye simu, hiyo ni kazi yenye malipo na inaendana na unachojua tayari. Mimi naona hata buku mbili kwa mwezi kwa watu mia ni bora kuliko dola 900 za yule bwana, maana mwezi ujao zinakuja tena.

Hatua ya 10: Baada ya kuanguka

Watarudi. Wale wale waliokuita roho ya korosho watarudi kwenye grupu kuulizia bei ya dagaa kama hakuna kilichotokea, wapokee, usiwacheke na usiposti "niliwaambia". Waliotolewa kwa fujo za tokeni warudishe wakiomba.

Aliyepoteza hela mwambie atunze namba za miamala na meseji zote, asifute simu kwa hasira, apeleke polisi. Halafu mtahadharishe mapema kuhusu atakayefuata, maana orodha ya walioliwa huwa inauzwa: wiki chache baadaye atapigiwa simu na "mwanasheria" au "mtaalamu wa kurudisha kripto" atakayemwambia hela yake imeonekana, alipie tu ada kidogo ifunguliwe. Huyo ni tapeli wa pili, hela ikishatumwa kwake hairudi nayo, kwa hiyo pini onyo hilo kwenye grupu siku ile ile tokeni inapoanguka.